Wanawake waliopigana vita vya Marekani kwa majina ya kiume, na majalada yaliyowaumbua wakubwa

Mzee wa Masijala

Wakuu, heshima zenu. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi masijala kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kutafuta majalada ya watu waliokuja kufuatilia mafao yao. Aliyewahi kukaa kwenye kiti kile anajua kwamba mtu anaweza kuwa amesimama mbele yako, unamfahamu, mmekula naye kantini, lakini malipo yake yamekwama kwa sababu barua ya ajira imeandikwa Mwanahamisi na kitambulisho kimeandikwa Mwanakhamis. Unamtuma kwa wakili akale kiapo, anarudi na hati, jalada linapanda ghorofani kwa wakubwa, na msimu mzima wa mvua unapita. Kwa hiyo niliposoma habari za wanawake waliojiandikisha katika jeshi la Marekani kwa majina ya kiume wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861 hadi 1865, kati ya jeshi la serikali la Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, sikushughulika sana na namna walivyobana vifua vyao. Nilijiuliza swali la masijala: watu hawa walipozeeka, nani aliwatambua, na kwa karatasi gani?

Naanzia mwishoni, kwenye barua. Tarehe 21 Oktoba 1909 Jenerali Fred Ainsworth, mwenye dhamana ya kumbukumbu za jeshi la Marekani, alimjibu mwandishi wa habari Ida Tarbell, aliyekuwa ameuliza kama kuna wanawake waliotumikia jeshi katika vita ile. Jibu lilikuwa la kiofisi kabisa: haijapatikana kumbukumbu yoyote rasmi inayoonyesha mahususi kwamba mwanamke aliwahi kuandikishwa, ingawa yawezekana wachache walitumikia kwa muda mfupi bila makamanda wao kujua. Sisi wa masijala tunalifahamu jibu la namna hiyo. "Haijapatikana" si sawa na "haipo". Mara nyingi maana yake ni kwamba aliyetumwa kutafuta hakupenda kupanda ngazi.

Kinachonishangaza ni kwamba Ainsworth hakuwa mzembe. Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kadi, ambapo makarani walinakili habari za kila askari kutoka orodha za mahudhurio, za hospitali na za wafungwa, ili ombi la pensheni lijibiwe upesi. Na ndani ya kumbukumbu hizo hizo alikuwamo askari John Williams wa Rejimenti ya 17 ya Missouri, aliyeondolewa jeshini Oktoba 1861, na sababu imeandikwa bila kuzungushwa: imethibitika kuwa ni mwanamke. Zaidi ya hayo, miaka 25 kabla ya barua ile, Bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kupitisha sheria mahususi kwa ajili ya mwanamke mmoja, Sarah Emma Edmonds, aliyepigana katika Rejimenti ya 2 ya Michigan kwa jina la Franklin Thompson. Nitarudi kwake.

Kuhusu idadi, Mary Livermore, aliyeshughulika na huduma za askari wakati wa vita, alisimulia baadaye kwamba aliambiwa ni pungufu kidogo ya 400, naye mwenyewe aliamini walikuwa wengi kuliko hapo. Watafiti wa siku zetu wamekusanya ushahidi wa zaidi ya 200. Mimi naishika hiyo ya pili, kwa kuwa ina karatasi nyuma yake. Ya kwanza ni ya kusikia.

Mgambo Mstaafu

Mleta mada, uzi ni mzuri, lakini kuna mahali ninakwama. Mimi nimepita mafunzo ya mgambo. Siku ya kwanza tulipimwa, tukalala kwenye hanga moja watu arobaini, tukaoga kwa zamu kwenye bomba moja, na kabla ya wiki kwisha kila mtu alijua mwenzake ana kovu wapi. Mwanamke angejificha kwa siku ngapi katika hali hiyo? Siku mbili nakubali. Miaka mitatu naona ni hadithi za kupamba magazeti.

Mzee wa Masijala

Ndugu Mgambo, swali lako linajibika ukiacha kufikiria jeshi la leo. Kanuni zilitaka kweli askari mpya avuliwe nguo na kukaguliwa, lakini majimbo yalikuwa yakishindana kujaza rejimenti zao, na daktari alikuwa na foleni ya watu mpaka nje ya mlango. Alitazama kama una meno ya mbele, kwa sababu risasi ya wakati ule ilifungwa pamoja na baruti yake ndani ya karatasi, na askari aliirarua karatasi hiyo kwa meno kabla ya kumimina baruti mtutuni na kushindilia. Alitazama kama kidole cha kufyatulia kipo, na kama miguu inatembea. Hayo yakiwapo, mwingine apite.

Umri nao ulisaidia. Wavulana waliodanganya kuwa wametimiza miaka 18 walijaa kila kombania, na hivyo sauti nyembamba na kidevu kisicho na hata unywele mmoja havikumshtua mtu. Sare ilikuwa pana, imeshonwa kwa vipimo vichache tu. Askari walilala na nguo zao, na wakiwa safarini walikaa wiki nzima bila kuoga. Choo cha kambini kilikuwa handaki refu lililonuka kiasi kwamba hata wanaume wenyewe walipendelea kuingia porini, na anayekwenda porini peke yake hakuulizwa. Tena usisahau suruali. Katika Marekani ya 1861, mtu mwenye nywele fupi na suruali alikuwa mwanamume, shauri limekwisha, kwa kuwa jicho halikuwa na mazoea ya kumwona mwanamke katika vazi hilo.

Bint Shangani

Nasoma kwa makini, na hapo penye suruali nimekumbuka kisa chetu cha Unguja ambacho ni cha kinyume chake. Mwaka 1859, Sayyid Barghash alipozingirwa nyumbani kwake na askari wa kaka yake Sayyid Majid, dada zake, Bibi Khole na Bibi Salme, walimtoa nje wamemfunika gubigubi kwa mavazi ya kike, wakapita naye mbele ya walinzi wenye bunduki. Bibi Salme aliyasimulia hayo mwenyewe katika kumbukumbu zake. Mlinzi gani angethubutu kumfunua mwanamke wa nyumba ya Sultani? Alitazama nguo, akasogea pembeni.

Mzee wa Masijala

Ahsante sana, Bibi. Mlinzi hutazama nguo, ndivyo hasa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nawasalimu nyote. Niongeze kitu cha kitaalamu kwa Mgambo, ambaye nadhani ameona haya kuuliza kuhusu hedhi. Mwanamke anayetembea maili nyingi kila siku huku akila biskuti ngumu na nyama ya chumvi anaweza kukosa hedhi kwa miezi. Tunaliona hilo kwa wanariadha na kwa watu waliodhoofika. Hata isipokatika, kambi ya vita haikosi vitambaa vyenye damu. Mimi shaka yangu iko kwingine, wodini. Mtu aliyelala kitandani wiki tatu anaharisha, yule anayemgeuza na kumwosha anaona kila kitu. Waliugua wapi watu hawa?

Mzee wa Masijala

Dada Nesi, umegonga penyewe. Waliogopa hospitali kuliko mizinga. Edmonds alipozidiwa na malaria mwaka 1863 aliomba ruhusa akanyimwa, naye akaona heri aandikwe mtoro kuliko kulazwa kwenye hospitali ya jeshi. Akaondoka, na jina la Franklin Thompson likapigwa muhuri wa utoro. Wengine hawakuwa na pa kukimbilia. Kuna kisa ambacho askari wenyewe walikiandikia nyumbani, cha koplo wa New Jersey aliyepandishwa cheo kuwa sajini kwa ushujaa wake katika mapigano ya Fredericksburg ya Desemba 1862, na muda mfupi baadaye sajini huyo akajifungua mtoto. Wafikirieni wale waliokuwa wakilala naye hema moja.

Lakini kwa habari ya wodi, ninayetaka kumsimulia ni Sarah Rosetta Wakeman, kwa sababu yeye ametuachia barua zake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1843 katika jimbo la New York, mtoto wa kwanza kati ya tisa, na baba yake alikuwa mkulima mwenye madeni. Mwaka 1862 aliondoka nyumbani katika mavazi ya kiume. Akafanya kazi nusu mwezi kwa dola 4. Kisha akapata kibarua kwenye boti za mferejini, akakubaliana safari 4 kwa dola 20, na boti yenye shehena ya makaa ya mawe ilipofika Canajoharie akawakuta askari wanaoandikisha watu. Wakamshawishi, akakubali, akapokea dola 152 mkononi. Yeyote aliyewahi kulala njaa kwa ajili ya ada za wadogo zake hahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Akaingia Rejimenti ya 153 ya New York kwa jina la Lyons Wakeman, kimo chake futi 5, mshahara wake dola 13 kwa mwezi kama askari yeyote. Fedha alizituma nyumbani, akiwasihi wazazi wazitumie kwa chakula na mavazi ya familia na wasimwekee akiba. Barua nyingi akazitia sahihi ya Rosetta. Barua moja tu ingefunguliwa na mtu wa kambini, habari yake ingekwisha.

Sasa sikilizeni jambo hili, ambalo kama ningelitunga mngesema nimezidisha chumvi. Rejimenti yake ilipopelekwa Washington, Wakeman aliwekwa lindo katika gereza la Carroll, walimofungwa wapelelezi na wenye makosa ya kivita. Humo, anaandika, walikuwamo wanawake watatu, na mmoja wao alikuwa meja katika jeshi la serikali. Aliingia vitani juu ya farasi, akitoa amri kwa askari wake huku risasi zikinyesha kama mvua ya mawe, na sasa amefungwa kwa kutofuata kanuni za vita. Yaani mwanamke amefungwa kwa kuwa askari, na anayemlinda mlangoni akiwa na bunduki begani ni mwanamke mwingine, askari halali kwenye orodha ya mishahara. Katika barua hiyo Wakeman halalamiki wala hatetemeki. Anawapasha wazazi habari kama vile mtu anayeeleza bei ya mahindi.

Mwaka 1864 rejimenti ilipelekwa Louisiana kwenye kampeni ya Mto Red. Tarehe 9 Aprili, huko Pleasant Hill, alikuwa chini ya risasi za adui kwa muda wa saa 4, na usiku kucha akalala palepale uwanjani. Aliandika nyumbani siku chache baadaye kwamba amesalimika. Kisha wakatembezwa kurudi nyuma kwa mamia ya maili, wakinywa maji ya madimbwi, na mwezi Mei akaingia hospitali kwa kuhara kusikokoma. Akahamishiwa New Orleans. Akafa huko tarehe 19 Juni 1864.

Dada Nesi, ulisema anayemwosha mgonjwa anaona kila kitu. Wakeman alilala wodini karibu mwezi mzima, akageuzwa, akaoshwa, akavalishwa sanda, na kila karatasi ya hospitali inamtaja kuwa askari Lyons Wakeman. Mimi siamini kwamba hakuonekana. Naamini kuna mtu aliyeona, akafunga shuka, akaandika jina lililokuwa kwenye kitanda. Amezikwa makaburi ya kijeshi ya Chalmette, na jiwe lake mpaka leo linasema Lyons Wakeman, New York. Barua zake zilikaa kwenye dari la nyumba ya ukoo vizazi na vizazi, zikachapishwa mwaka 1994.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma mara mbili. Katika kazi yetu yapo mambo ambayo mtu huyaona akayaacha palepale. Nakubaliana nawe.

Mwalimu wa Historia

Naomba kuchangia kidogo kuhusu sababu, kwani naona uzi unaelekea kwenye fedha peke yake. Edmonds alizaliwa New Brunswick, Kanada, akamkimbia baba yake aliyetaka kumwoza. Alivaa kiume na kuuza Biblia mlango kwa mlango hata kabla ya vita. Kwake suruali ilianza kuwa njia ya kutoka nyumbani, vita vikamkuta tayari ameizoea. Wapo waliowafuata waume au ndugu zao. Wapo walioamini katika vita yenyewe. Nami ningependa Mzee atueleze habari za Albert Cashier, ambaye hakuvua suruali hata vita vilipokwisha, maana huyo ananipa taabu kumweleza darasani.

Mzee wa Masijala

Mwalimu, nilikuwa namweka akiba, maana jalada la Cashier ni la kufundishia makarani.

Alizaliwa Clogherhead, Ireland, mwaka 1843, na jina alilopewa ni Jennie Hodgers. Tarehe 6 Agosti 1862, huko Belvidere katika jimbo la Illinois, aliandikishwa Rejimenti ya 95 ya Illinois kwa jina la Albert Cashier. Hakujua kusoma wala kuandika, hivyo aliweka alama ya msalaba mahali pa sahihi. Ishikeni alama hiyo. Alikuwa mfupi kuliko wote katika kombania yake, na kwa miaka mitatu alipita katika mapigano yapatayo 40. Katika mazingira ya Vicksburg mwaka 1863 alikamatwa alipokuwa akipeleleza, akampokonya mlinzi bunduki, akamwangusha, akakimbia kurudi kwa wenzake. Kule Vicksburg leo kuna mnara wa jimbo la Illinois wenye ngazi 47, moja kwa kila siku ya kuzingirwa kwa mji, na ndani yake yameandikwa majina ya askari wa jimbo hilo zaidi ya 36,000. Cashier yumo.

Vita vilipokwisha hakurudia nguo za kike. Akahamia kijiji cha Saunemin, akafanya vibarua vya shamba, akafagia kanisa, akawasha taa za mitaani jioni. Akapiga kura, wakati ambapo wanawake wa Illinois hawakuwa na haki hiyo. Akawa mzee wa kijiji anayevaa sare yake siku za kuwakumbuka mashujaa. Mwaka 1911, alipokuwa akimfanyia kazi seneta mmoja wa jimbo, gari la seneta lilimvunja mguu. Daktari aliyeitwa kuuunga ndiye aliyejua. Sasa angalieni: daktari alinyamaza, seneta akanyamaza, na walipompeleka kwenye makazi ya wazee waliopigana vita, mjini Quincy, wasimamizi nao wakamwandika kama mwanamume na kunyamaza. Siri ilikaa zaidi ya mwaka mmoja mikononi mwa watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuitunza isipokuwa utu.

Ilipovuja ikaingia magazetini. Mwaka 1914 akili ikiwa imeanza kumpotea kwa uzee, alihamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko wakamlazimisha kuvaa sketi. Mtu aliyetembea na suruali kwa zaidi ya miaka 50. Akawa anajikwaa katika lile vazi, akaanguka, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuinuka vizuri tena. Sajini wake wa zamani alikwenda kumwona, akatoka akiwa amevunjika moyo. Alikuwa akimkumbuka kijana asiyeogopa kitu, akamkuta bibi dhaifu aliyefadhaika kwa sababu ya sketi.

Ndipo Ofisi ya Pensheni ikafungua uchunguzi. Swali lao lilikuwa la kawaida kabisa kwa ofisi ya aina hiyo: huyu mwanamke aliyeko hospitalini ndiye kweli Albert Cashier aliyeandikishwa 1862, au ni mtu aliyejipachika jina la askari aliyekufa ili ale pensheni yake? Karatasi isingeweza kujibu, kwa sababu sahihi ilikuwa alama ya msalaba, na msalaba wangu na wako ni sawasawa. Wakaitwa watu. Wazee waliokuwa naye kombania moja wakala kiapo mmoja baada ya mwingine: walimkumbuka kwa ufupi wake, kwa kutokuwa na ndevu, kwa kupenda kukaa peke yake na kwa kutokataa kazi yoyote aliyopangiwa, wakamtazama usoni wakasema ndiye. Ofisi ikaridhika, na pensheni ikaendelea.

Nimekaa nikifikiria hao wazee. Wangeweza kuona wamedanganywa miaka mitatu hemani. Badala yake walisafiri, wakaapa, wakamtetea. Alipofariki tarehe 10 Oktoba 1915 alizikwa na sare yake kwa heshima zote za kijeshi, na jiwe likaandikwa Albert D. J. Cashier, Kombania G, Rejimenti ya 95 ya Illinois. Jiwe lenye majina yote mawili liliongezwa miongo mingi baadaye.

Mwalimu wa Historia

Taabu niliyoisema ni hii. Vitabu vya Kiingereza hunilazimisha nichague kila sentensi kama Cashier ni wa kike au wa kiume, na waandishi wa lugha hiyo wanagombana kweli kweli juu ya jambo hilo. Nikieleza kwa Kiswahili, aliandikishwa, alikamatwa, alizikwa, tatizo la kuchagua linayeyuka.

Mzee wa Masijala

Linayeyuka kwenye kitenzi, Mwalimu, lakini halimaliziki. Nimekuwa nikiandika "wanawake" tangu kwenye kichwa cha uzi huu, na kwa Edmonds nina haki ya kufanya hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe alirudia gauni, akaolewa na Linus Seelye mwaka 1867, akazaa. Cashier alikuwa na miaka 46 ya amani ya kubadili, kabla mguu haujavunjika, naye hakubadili. Mtu wa namna hiyo mimi namwandika kwa jina alilojiandikisha nalo, kama walivyofanya waliomzika.

Sasa Edmonds, kama nilivyoahidi. Huyu alijua kuandika, na wakati vita bado vikiendelea alitoa kitabu cha maisha yake kilichouzwa nakala 175,000. Humo anasimulia namna alivyojigeuza mara mchuuzi, mara mtu mweusi kwa kujipaka rangi, akaingia kambi za adui kupeleleza. Niseme wazi kwamba sehemu hiyo ya upelelezi siiamini sana. Kumbukumbu za jeshi zinamtaja kama mhudumu wa wagonjwa na mbeba barua, na mtu anayeandika ili kitabu kiuzwe hukoleza mchuzi. Lakini kwamba alikuwako si jambo la mjadala. Mwenzake Jerome Robbins aliandika katika shajara yake mwaka 1861 kwamba rafiki yake Frank amemfichulia kuwa ni mwanamke, naye hakuitoboa siri hiyo.

Edmonds alipougua uzeeni, kwa jeraha alilolipata alipoanguka na nyumbu akipeleka barua mwaka 1862, hakuwa na njia ya kudai pensheni. Kwanza, Franklin Thompson hakuwapo. Pili, Franklin Thompson alikuwa mtoro. Akafanya nilichokuwa nikiwashauri watu kwenye dirisha langu: tafuta waliofanya kazi na wewe. Wenzake wa Michigan wakamwandikia viapo, na mwaka 1884 akahudhuria mkutano wao akiwa na gauni lake. Tarehe 5 Julai 1884 Bunge likapitisha sheria ya kumlipa Sarah E. E. Seelye, aitwaye pia Franklin Thompson, dola 12 kwa mwezi. Miaka miwili baadaye likamfutia utoro. Sheria mbili za Bunge kwa ajili ya jina moja! Na mnakumbuka barua ya 1909 ilivyosema.

Mgambo Mstaafu

Mzee, nimeshawishika, naondoa kauli yangu ya kupamba magazeti. Lakini hawa wote ni wazungu. Weusi walikuwako?

Mzee wa Masijala

Yuko Cathay Williams, na jalada lake halina mwisho mzuri. Alizaliwa utumwani Missouri. Mwaka 1861 jeshi la serikali lilipoingia Jefferson City lilimchukua akawe mpishi na mfuaji, naye akazunguka na jeshi hilo vita nzima. Tarehe 15 Novemba 1866, vita ikiwa imekwisha, alijiandikisha mjini St. Louis kwa jina la William Cathay katika Rejimenti ya 38, mojawapo ya rejimenti za weusi zilizoundwa kwa ajili ya kulinda mipaka ya magharibi. Baadaye alimweleza mwandishi wa gazeti kwamba alitaka kujipatia riziki yake mwenyewe bila kuwategemea ndugu wala marafiki, na kwamba rejimentini ni binamu yake na rafiki mmoja tu waliojua. Alilazwa zaidi ya mara moja, akaugua hata ndui, asigunduliwe. Dada Nesi atatusaidia kuelewa madaktari wa jeshi walikuwa wakiwatazama askari weusi kwa umakini gani. Oktoba 1868, huko Fort Bayard, New Mexico, daktari akagundua, naye akaondolewa.

Aliomba pensheni mwaka 1891, vidole vya miguu vimekatwa, anatembea kwa gongo. Ombi likakataliwa Februari 1892. Hawakubisha kwamba yeye ndiye William Cathay. Daktari wao alimpima akasema haoni ulemavu wowote.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Vidole vimekatwa na haoni ulemavu.

Mgambo Mstaafu

Mzee, la mwisho kutoka kwangu. Cashier alikuwa na pensheni na hakuwa na mke wala mtoto. Fedha zake zilikwenda wapi?

Mzee wa Masijala

Ndugu Mgambo, hilo ni swali la karani. Msimamizi wa mirathi alihangaika miaka 9 kufuatilia nyuma mpaka akamfikia Jennie Hodgers wa Ireland. Wakajitokeza waliodai kuwa ndugu, hakuna aliyeweza kuthibitisha undugu wake ukaridhisha, na zile dola 282 hivi zilizobaki baada ya gharama za mazishi zikaingizwa katika hazina ya kaunti ya Adams, Illinois.